MASTAA WA PICHA, MTONI SI STUDIO YENU! ZIMENI HIZO TAA

Haya wadau, aliyepo Insta ameshaiona. Staa mmoja wa kike wa Bongo, jina kapuni, kasimama katikati ya magofu ya Beit al-Mtoni, gauni la kijani linaburuza chini, mkono kiunoni, jicho kwenye lenzi. Chini yake ni moto na makopa mfululizo. "Malkia!" "Dada umeua!" Mpiga picha wake, naye jina kapuni, akaongeza maneno ya kujipongeza: eti kavuka na taa tatu na jenereta kutoka Dar ili "kuipa Mtoni uhai".

Kuipa Mtoni uhai. Yaani jumba lililoanza kujengwa 1828, kongwe kuliko majumba yote ya kifalme ya Unguja, miaka yote hiyo lilikuwa linasubiri jenereta ya Kariakoo.

Hebu irudieni ile picha, ila safari hii mfunikeni dada kwa kidole gumba. Kinabaki nini? Ukuta mweupe pee kama karatasi. Kivuli kikali nyuma yake kama kimekatwa kwa mkasi. Anga limekuwa jeusi ilhali ni saa 10 jioni. Mawe ya matumbawe hayaonekani, chokaa iliyobanduka haionekani, na upande wa bahari, ambao ndio uliomfanya mtu ajenge nyumba pale, umezimika kabisa. Ukiambiwa imepigwa kwenye ukuta wa fensi Mbezi Beach, utabisha kwa ushahidi gani?

Gauni lilikuwa kali, mwenye haki yake apewe. Na dada wa watu hana kosa, yeye kalipa na kasimama alipoambiwa asimame. Povu hili ni la wapiga picha. Kuna kundi zima la hao, wengi wana wafuasi kuliko timu za ligi kuu, wanaoingia ndani ya majengo ya Unguja na jambo la kwanza wanalofanya ni kuua mwanga waliowakuta nao wenyeji, na la pili ni kuwafukuza wenyeji wenyewe. Kisha wanaposti na kuandika kwamba wanapiga "picha za majengo". Majengo yapi?

Tuanze na huo mwanga, maana hapo ndipo ujanja wao unapoishia.

Nyumba za zamani za Unguja zilijengwa na watu wasiokuwa na swichi ukutani. Fundi wa enzi hizo alikuwa anahesabu mwanga kama anavyohesabu mawe. Kuta nene za matumbawe, juu zimepakwa chokaa. Madirisha membamba upande wa njiani, ua wa wazi katikati ya nyumba. Jua la Unguja halichekeshi, kwa hiyo fundi hakulikaribisha ndani moja kwa moja. Alilipitisha uani kwanza, likagonga ukuta mweupe, likagonga sakafu, likagonga dari, na lilipofika chumbani lilikuwa limeshapoa. Ule mwanga laini ambao vijana wananunua miavuli ya laki mbili ili kuutengeneza, pale umejengwa ukutani tangu karne ya 19. Bure. Mtu anaingia humo ndani na mwavuli wake, anaufungua, anawasha. Ni sawa na kwenda Forodhani na pweza wa kopo.

Na kila jengo lina saa yake. Mtoni iko pwani ya magharibi, kaskazini ya Mji Mkongwe, na inatazama bahari. Asubuhi upande ule wa baharini uko kivulini, umepoa, mzuri kwa anayetaka kuonesha umbile la ukuta bila kelele. Jioni jua linashuka baharini na kuingia kwenye matundu ya milango na madirisha kwa ubavu, na hapo kila jiwe la tumbawe linatoa kivuli chake kidogo. Mpiga picha anayejua kazi anakwenda mara mbili siku moja kabla hajatoa kamera kwenye begi. Huyu wetu alishuka botini saa 7, alifika saa 8, akawasha jenereta saa 8 na robo.

Kuna wanaosema saa 6 mchana haipigwi picha. Nje, sawa, watu wanatoka na mashimo meusi badala ya macho. Lakini Unguja iko kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linakuja karibu na utosi, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, linapita utosini kabisa muda mfupi baada ya saa 6. Chukua saa hiyo ukaingie nayo ndani ya hamamu za Kidichi, huko juu ukiifuata barabara ya Bububu na kukata kuelekea mashamba. Sayyid Said alizijenga 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shahrazad. Juu kuna kuba zenye matundu, ukutani kuna maua na ndege waliochongwa kwenye lipu. Mwanga wa juu ukishuka kwenye nakshi zile, ua moja moja linasimama kama limechongwa jana. Ukipiga fleshi kutoka usawa wa uso, nakshi yote inalala, inakuwa kama kitambaa cha meza kilichopigwa pasi. Mafundi wa Sayyid Said walitumia siku ngapi kuchonga, na wewe umezifuta kwa kitufe.

Halafu kuna hili la lenzi pana. Vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, na sababu yake inajulikana: dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na mkoko hauna urefu wa kutosha kuvusha chumba kipana. Kwa hiyo chumba kikawa karibu mita 2 na nusu au 3 kwa upana, basi. Hiyo ndiyo nyumba. Sasa kijana anafika, anaona hapaenei, anabonyeza ile 0.5 ya simu, na chumba cha boriti kinageuka ukumbi wa harusi wa Mwenge. Kuta zinalala nje kama zimelewa, milango inanyooka kama ulimi, mtu aliye pembeni ana kichwa cha tikiti. Anaposti: "Uzuri wa Zanzibar." Uongo huo! Wembamba ndio uzuri wenyewe. Rudi nyuma, toka mlangoni, simama chumba cha pili, piga kupitia mlango. Utapata mlango ndani ya mlango, giza, kisha mwanga, kisha giza tena, na simu ikiwa imenyooka, nguzo zitasimama wima kama fundi alivyoziacha. Inataka hatua nne za kurudi nyuma tu. Mastaa hawa hawarudi nyuma, labda kwa sababu nyuma hakuna wafuasi.

Ila dhambi ya taa inasameheka. Mtu anaweza kufundishwa, mwakani akaja bila jenereta. Ile ya kufukuza watu ndiyo inayokera mpaka mfupani.

Siku ile Mtoni, wapo walioshuhudia. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakipita kurudi pwani, kulikuwa na mzee amejiegemeza kivulini anakula embe lake, kulikuwa na familia ya wageni na mwongozaji wao. Wote wakaombwa, kama "toka hapo" inaitwa kuombwa, wakae pembeni. Saa moja na nusu. Msaidizi mmoja kavaa redio ya mkononi kama mlinzi wa ikulu, anamwambia yule mzee: "Mzee wangu, unaingia kwenye fremu." Mzee akamtazama, akamaliza embe lake taratibu, akasema: "Mwanangu, fremu yako ndiyo imenikuta mimi hapa."

Jibu hilo lingechapwa kwenye fulana.

Maana Mtoni tupu, isiyo na watu, ni Mtoni ya uongo. Anayetaka kujua kulikuwaje ndani ya jumba lile asome kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa humo humo 1844, akaondoka Unguja 1866, akaja kuitwa Emily Ruete, na kitabu chake kikatoka Ujerumani 1886. Kwa maelezo yake jumba zima lilibeba watu kama elfu moja. Elfu! Uani tausi, swala, mbuni na korongo wanatembea ovyo na watoto wanawakimbiza. Ngazini watu wanapanda na kushuka mpaka mtu anasubiri apate nafasi ya kupita. Hamamu zina pirika saa zote. Upande wa baharini kuna baraza la mviringo la mbao waliloliita benjile, ambapo baba yake alikuwa akinywa kahawa na kutembea huku na huko. Salme hakuandika nguzo na kuta peke yake. Aliandika nguzo na nani aliyeziegemea. Ndiyo maana miaka karibu 140 baadaye mtu anasoma na anasikia kelele za ule ua, ilhali jumba lenyewe liliachwa katikati ya miaka ya 1880, likageuzwa bohari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo zimebaki kuta.

Bibi huyu hakuwa na kamera, alikuwa na kumbukumbu tu, na kapiga picha ya ndani kuliko watu wenye kamera za milioni nane.

Sasa twende Darajani, maana Mtoni angalau pana uwazi, wafukuzwaji walipata pa kwenda. Panda daladala ya kurudi mjini, ushuke sokoni. Soko lile limesimama tangu 1904. Ukiingia asubuhi upande wa samaki, mwanga unaingia kwa pembeni, sakafu imelowa, inarudisha mwanga juu mpaka chini ya kidevu cha muuzaji. Hakuna studio Dar yenye mwanga kama ule. Humo ndani kuna kelele, kuna mnada, kuna watu wamebeba mzigo kichwani na wanapiga mluzi upishe. Ni pazuri kupita maelezo, na kila mpiga picha anapataka.

Wanasimulia humo kisa cha mpiga picha mwingine, huyu ni wa safari na mapishi, naye jina kapuni. Kaingia na taa ya kushika mkononi, kamsogezea mama mmoja muuza samaki usoni bila salamu. Si "assalaam alaykum", si "shikamoo mama". Taa tu, pwaa! Mama kafumba macho, kafungua mdomo kutaka kusema neno, na hapo ndipo alipobonyeza. Picha ikatoka: mama mdomo wazi, kope zimejikunja, jasho linang'aa, mizani mkononi. Maelezo yake: "Sura halisi ya Afrika." Wiki haijaisha, sura ile ikawa stika ya WhatsApp. Watu wanatumiana wakishangaa bei ya vocha. Mama akaja kuoneshwa na mjukuu wake mwenyewe.

Sasa pimeni hili. Mpiga picha kafanya alichofanya, na humu jina lake linakaa kapuni kwa sababu ya heshima na sheria na mawakili wake. Mama hakufanya lolote zaidi ya kuuza changu na tasi, na sura yake iko kwenye simu za watu laki kadhaa. Nani kamwekea yeye kapu?

Na msidhani haya ni ya kuchekana tu mitandaoni. Jirani zetu Kenya wameshafika mahakama za mfukoni. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Klabu! Mahali ambapo kila mtu kavaa vizuri na anataka aonekane. Mara hiyo hiyo shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Itamfikia nani na wapi, hasa ukivuka maji kuja Zanzibar, hayo waachiwe mawakili. Lakini anayejitetea kwamba "nilikuwa mahali pa umma" ajue hata mwenye klabu alikuwa na watu mahali pa umma.

Wengine wanapunga karatasi. "Tuna kibali!" Kibali cha BASSFU kinakuruhusu kufanya kazi yako ya kupiga filamu, na Mambo ya Kale wanaweza kukuruhusu kuingia gofuni. Hakuna ofisi hata moja Unguja inayogawa ruhusa ya uso wa Bi Fulani. Ofisi hiyo ni Bi Fulani mwenyewe, na anafungua kila siku kuanzia alfajiri, ukimwamkia.

Sasa utasikia: "Basi tusipige sokoni? Tusipige bandarini? Tusubiri kila mtu asaini?" Hapana bwana. Na hapa ndipo wavivu wanapoumbuka, kwa sababu dawa ya yote mawili, mwanga na watu, ni moja. Mwanga uliopo una adabu. Usipoleta taa yako, watu hawashtuki, hawakodoi macho, hawafumbi. Ukisimama ndani ukitazama mlangoni, na ukapima mwanga kwa ule wa nje, watu wote waliosimama mlangoni wanakuwa vivuli: unaona kilemba, unaona kanzu, unaona mkungu wa ndizi begani, na sura ya mtu inabaki yake. Ukiweka kamera juu ya ukingo wa ngazi au ukaibana kwenye nguzo, ukashusha kasi mpaka robo ya sekunde, jengo linatulia kama lilivyo na watu wanapita kama upepo. Nguzo kali, watu moshi. Umeonesha pirika za soko zima na hukumwibia mtu yeyote sura yake. Na ukimtaka mmoja, mwende, mwamkie, mnunulie kitu, mwambie unataka nini. Akikataa, kakataa. Akikubali, atakaa vizuri zaidi kuliko ulivyomvizia, na utagundua kwamba mtu aliyekubali ana macho tofauti kabisa na mtu aliyekamatwa.

Kwa mwenye simu hata usiseme huwezi. Gusa kioo penye dirisha, si penye uso. Shikilia mpaka ijifunge. Teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Kaza viwiko mbavuni, toa pumzi, bonyeza. Basi.

"Itatoka na chengachenga." Itoke! Chengachenga hazijawahi kumuua mtu. Picha nyingi za ndani zinazogusa roho zina chengachenga, kwa sababu humo ndani palikuwa na giza na mpiga picha hakutaka kudanganya. Kinachoua ni kule kulainisha kwa programu mpaka ukuta wa matumbawe unafanana na keki ya harusi.

Kuna hoja moja nzito, nayo ijibiwe kwa heshima. Wanasema ngozi nyeusi bila taa inapotea, hasa ndani. Hili lina ukweli wake. Kamera nyingi zikiachiwa zijiamulie zinaharibu sura zetu, ama zinatuzamisha gizani ama zinalipua kila kitu nyuma. Lakini fleshi ya uso kwa uso haiponyi, inampaka mtu mafuta ya nazi. Ngozi nyeusi inapenda mwanga wa ubavu: dirisha moja, mtu kageuka kidogo, ukuta mweupe upande wa pili unarudisha nusu. Nenda Zahanati ya Kale pale mbele ya bandari, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan, jiwe la msingi 1887, likaja kumalizika 1894 yeye keshafariki. Simama ndani kwenye ule ua, chini ya roshani za mbao zilizochongwa na vile vioo vya rangi. Mweke mtu mweusi tii pale, mgeuze robo. Shavu linachukua mwanga, taya linabaki kivulini, jicho linawaka. Taa gani utaleta ishinde hiyo? Na wenye shaka waziangalie picha za mji na watu wake za Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza 1930. Watu weusi humo hawajapotea hata mmoja.

"Mteja ndiye anataka taa." Mteja anataka apendeze. Hajui tofauti ya taa na dirisha, ndiyo maana kakuajiri wewe. Bibi harusi akienda kwa fundi hasemi atumie sindano gani.

Mtu atauliza, kelele zote hizi za nini, ni picha tu, kesho zitazama kwenye kurasa. Zingekuwa zinazama kweli, sawa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafariki. Jumba la Barghash la 1883, nguzo za chuma, ua wa ndani unaopanda ghorofa kwa ghorofa. Lilikuwa makumbusho, watu walikuwa wanaingia kwa kiingilio, na wengi waliingia na kamera. Waliowahi kuingia wafungue simu zao za zamani, watafute picha ya ndani. Watajikuta wao. Wao na nguzo, wao na mlango, wao na gari la kale, fleshi imewaka, nyuma giza. Mwanga ulikuwa unaingiaje kwenye ule ua saa 5 asubuhi? Mlinzi alikuwa anakaa wapi? Ngazi zilikuwa zimelika upande gani? Hakuna anayeweza kuonesha kwa sababu wakati huo kila mtu alikuwa anajimulika yeye.

Na Mtoni ni kuta tu sasa. Kila masika yanachukua chake. Ile picha ya gauni la kijani inaweza ikawa miongoni mwa picha za mwisho nzuri, zenye kamera ya maana, za ukuta ule kabla haujaanguka. Na ukuta ndani yake ni karatasi nyeupe.

Basi kwa kuwa mabingwa hawa wanapenda chalenji, hii hapa yao. Mpiga picha wa jenereta arudi Mtoni siku yoyote, saa 10 jioni, na mwili mmoja wa kamera na lenzi moja. Taa ziachwe Dar. Asimfukuze mtu. Akimkuta yule mzee na embe lake, ampe shikamoo, akae naye kivulini, aombe. Apige mpaka jua lizame. Halafu aposti picha hizo pembeni ya ile ya gauni, bila filta, na sehemu ya maoni aiache wazi, asiifunge kama alivyoifunga juzi.